Mashimo Ambayo Solomono Hakuyachimba

Wapadri wenzangu, Wafratri, na ninyi Wakatekista wa vijiji vya kandokando ya ziwa,

Siku moja nilikwenda kutembelea kijiji kimoja cha upande wa kusini wa Nundu. Nilimukuta katekista akifundisha juu ya hekima ya Mufalme Solomono. Alifundisha vizuri, watu walinyamaza kabisa, hata watoto. Kisha akasema kama Solomono alikuwa na mashimo yake huku kwetu Afrika. Kama watumishi wake walijenga barabara ya mawe kati ya milima miwili inayofanana na maziwa ya mwanamuke. Na kama sanamu tatu kubwa zinalinda pahali pale hata leo. Kijana mumoja, aliyekuwa ametoka kuchimba zahabu kule Misisi, akainua mukono: «Mwalimu, shimo hilo liko upande gani?» Katekista akafikiri kidogo, akajibu: «Maandiko hayakutaja upande.»

Ni kweli, Maandiko hayakutaja upande. Lakini hayakutaja shimo pia, wala barabara, wala sanamu zile. Maneno hayo yote yametoka katika hadithi ya Mwingereza H. Rider Haggard, iliyotokea mwaka 1885, na ambayo Frederick Johnson aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Wengi katika Afrika ya Mashariki waliisoma shuleni. Sikumukaripia yule katekista, kwa sababu mimi mwenyewe nilianguka katika shimo lile mbele yake.

Nilikuwa mutoto wakati wazazi wangu walipovuka ziwa kukimbia vita, na masomo yangu ya kwanza niliyapata katika kambi ya Nyarugusu, mukoa wa Kigoma. Kitabu kile kilitufikia bila jalada, na kurasa za mwisho zilikuwa zimekatwa, labda kwa kuwashia moto. Tulikisoma kwa zamu. Kwa kuwa mwisho haukuwapo, kila mumoja alijitungia mwisho wake. Katika mwisho wangu, yule bibi kizee muchawi Gagool anatubu na kubatizwa, na malkia wa Seba anatokea kwa mitumbwi penye Ubwari, ng'ambo ya Baraka, kuja kudai mali ya rafiki yake Solomono. Miaka ikapita. Katika seminari ndogo niligeuza mwisho ule kuwa muchezo wa kuigiza, nikamuonyesha padri aliyetufundisha Maandiko. Alicheka kwanza. Halafu akanifungulia Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 9 na ya 10, akasema: «Soma, kisha unionyeshe shimo.»

Nilisoma mara mbili. Hakukuwa na shimo.

Kisha, wakati nilipopata kitabu kizima cha Haggard, niliona kama Gagool hakutubu hata kidogo: anapojaribu kutoroka na kuwafungia Wazungu ndani ya chumba cha mali, anaangukiwa na mulango wa jiwe, anasagwa. Basi hadithi yangu ilikanushwa mara mbili, kwanza na Kitabu kitakatifu, mara ya pili na hadithi yenyewe niliyojidai kuiendeleza. Ndiyo sababu nimefikiri sana juu ya aina hii ya maandiko: mutu anapenda kitabu cha mwenzake, anaongeza sura yake, baadaye neno la kweli linafika, na sura ile inabaki inje.

Jambo hili si geni. Cervantes, mwandishi mukubwa wa Hispania, alitoa sehemu ya kwanza ya Don Quixote mwaka 1605, na mwishoni akadokeza kama mutu wake atakwenda katika muji wa Zaragoza. Mwaka 1614 mutu mwingine, aliyejificha chini ya jina la Avellaneda, akatoa sehemu ya pili ya kwake, akamupeleka Don Quixote Zaragoza kweli. Cervantes alikasirika. Katika sehemu yake ya pili, mwaka 1615, alimufanya Don Quixote asikie habari ya kitabu kile cha uongo, akatae kukanyaga Zaragoza, ageuze njia kwenda Barcelona. Leo vijana wa dunia nzima wanatunga hadithi za namna hiyo juu ya vitabu na sinema wanazopenda, na mara nyingi mwenye hadithi anatoa kitabu kipya kinachovunja yote waliyoyatunga. Na wanapotaka kusema ni sehemu gani ndiyo ya kweli ya hadithi, wanatumia neno letu sisi la Kanisa: kanuni. Wengi wanasema desturi hiyo ilitokana na Ronald Knox. Mwaka 1911, akiwa bado Muanglikana, aliandika somo la muzaha juu ya hadithi za mupelelezi Sherlock Holmes, akizipima kama vile wataalamu wanavyovipima vitabu vya Biblia, hii ni ya kweli, hii ni ya nyongeza. Mwaka 1917 aliingia katika Kanisa Katoliki, akawa padri, na baadaye akatafsiri Biblia nzima kwa Kiingereza. Sioni ajabu kama muzaha ule ulitoka kwa mutu wa namna hiyo. Neno kanuni lenyewe ni la Kigiriki, maana yake ya kwanza ni ufito wa kupimia, nalo limetufikia sisi kwa njia ya Waarabu.

Basi tuchukue ufito, tumupime Haggard.

Kitabu cha Wafalme kinasema nini? Kinasema Solomono alitengeneza merikebu penye Esiyoni-Geberi, karibu na Elati, pwani ya Bahari ya Shamu, katika inchi ya Edomu. Hiramu mufalme wa Tiro akampa mabaharia. Wakafika Ofiri, wakaleta zahabu talanta 420 (Kitabu cha Pili cha Mambo ya Siku kinasema 450). Mahali pengine panatajwa miti ya thamani na mawe ya thamani, na merikebu zilizorudi mara moja kwa miaka mitatu na zahabu, feza, pembe za tembo na nyani. Ni hayo. Solomono ananunua, ao anapokea, ao anapokonya, hatuambiwi. Lakini kuchimba hachimbi. Na yule anayetaka kujua Ofiri iko wapi angefanya vema kusoma kwanza kitabu cha Mwanzo, sura ya 10: pale Ofiri ni jina la mwana wa Yoktani, na ndugu zake wanaitwa Seba na Hawila, majina ambayo kwa kawaida wataalamu wanayaweka upande wa Arabuni. Kwa hiyo kama Kitabu kinanyosha kidole, kinanyosha upande ule, si kusini ya Zambezi.

Haggard aliijua Biblia, tusimuonee. Allan Quatermain, anayesimulia, anapoziona zile sanamu tatu, anakumbuka kama Solomono katika uzee wake aliifuata miungu ya wageni, anahesabu: mungu wa Wasidoni, mungu wa Moabu, mungu wa Waamoni, tatu kwa tatu. Hii ni kazi ya mutu mwenye akili. Ameona nafasi ndogo katika Kitabu, amepitisha ukuta wake pale. Na hadithi yenyewe inakwenda mbio, musomaji hapati nafasi ya kupumua. Hata Umbopa, mubeba mizigo anayetokea kuwa mufalme wa haki, anapewa heshima ambayo waandishi wengi wa wakati ule hawakumupa mutu mweusi. Ninasema hivi kwa sababu wako wenzetu wanaotupa kitabu kizima kwa kosa moja. Mimi ninakisoma hata leo, na ninacheka palepale nilipocheka zamani.

Lakini angalia jambo hili. Katika chapa ya kwanza, Wazungu wanawatisha watu kwa kupatwa kwa jua, na hadithi ilikuwa imetaja mwezi mupevu siku iliyotangulia. Mutoto anayechunga mbuzi anajua kama haiwezekani: jua linapatwa wakati mwezi haujaonekana, si wakati umejaa. Haggard alisahihisha, katika chapa za baadaye ni mwezi unaopatwa. Vizuri sana. Kwa hiyo mutungaji huyu alijua kurudi nyuma wakati kweli ilipomupinga. Aliyasahihisha ya mbinguni. Ya mawe hakuyasahihisha.

Na ya mawe ndiyo yenye uzito. Tangu karne ya 16 Wareno waliandika habari za kuta kubwa za mawe katika bara ya Sofala, na wengine wakaunganisha inchi ile na Ofiri. Hata Milton, katika utenzi wake mukubwa wa mwaka 1667, anaitaja Sofala kama pahali panapodhaniwa kuwa Ofiri. Mwezi wa 9 mwaka 1871 Mudachi Karl Mauch alifika penye kuta zile, Zimbabwe Kuu. Alikata kibanzi cha muti wa mulangoni, akakilinganisha na kalamu yake, akaona vinafanana. Kalamu ni ya mwerezi. Mwerezi ni wa Lebanoni. Lebanoni ni inchi ya Hiramu. Basi nyumba hii ni ya malkia wa Seba. Angalieni namna mutu anavyoweza kutoka kalamu mpaka Yerusalemu kwa hatua ine! Muti ule ulikuwa wa palepale Afrika. Lakini wazo lilikuwa limekwisha kuzaliwa, na miaka 14 baadaye Haggard akatoa kitabu chake. Kisha hadithi ikaacha kuwa hadithi. Watu wa Cecil Rhodes walipoichukua inchi, ilikuwa faida kwao kusema kama watu wa kale kutoka kaskazini ndio waliotangulia pale. Mwaka 1896 Haggard mwenyewe akaandika dibaji ya kitabu cha Wilmot juu ya Monomotapa. Na Richard Hall, aliyewekwa kuwa mulinzi wa kuta kati ya mwaka 1902 na 1904, akatupa tabaka za udongo ambazo aliona ni takataka za Waafrika, ili afike kwa Wafoinike. Wafoinike hakuwapata. Takataka ile ndiyo iliyokuwa historia.

Mwaka 1905 akaja mutaalamu wa kuchimbua vitu vya kale, David Randall-MacIver. Alichimba kwa utaratibu, akasema wazi: kazi hii ni ya Waafrika, na ni ya Karne za Kati. Walowezi walimukasirikia. Mwaka 1929 akatumwa bibi Gertrude Caton-Thompson kukata shauri. Akachimba upya, akapata yaleyale, na kitabu chake kikatoka mwaka 1931. Leo tunajua kama mababu wa Washona ndio waliojenga, zaidi kati ya karne ya 11 na ya 15 nyuma ya Kristo, zaidi ya miaka 2000 nyuma ya Solomono. Mawe yamepangwa bila chokaa, na ukuta mukubwa unapita urefu wa metre 10. Katika magofu yale zimepatikana sahani za Uchina na za Uajemi, hata na sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, wa karne ya 14. Kumbe kuna merikebu kweli katika habari hii, na kuna zahabu kweli. Lakini merikebu ni za watu wa pwani yetu, ndugu wa lugha hii tunayoandika, na waliopata faida ni Kilwa na Sofala.

Sasa linganisheni miaka. Mwaka 1929 bibi Caton-Thompson anavunja hadithi ile kwa jembe. Mwaka uleule wa 1929 hadithi inatolewa kwa Kiswahili ili isomwe na watoto wa Kiafrika. Sisemi kama mutafsiri alifanya kwa ubaya. Kiswahili chake ni kizuri, wengi walijifunza kusoma kwacho. Lakini kweli ilikwenda London katika kitabu cha bei kali, na hadithi ilikuja kwetu bila jalada mpaka Nyarugusu. Na kosa lilipata walinzi wenye nguvu: katika Rhodesia ya Ian Smith wakubwa waliwasumbua wataalamu waliosema kweli juu ya kuta zile, na Peter Garlake, aliyekuwa mukaguzi wa vitu vya kale, aliondoka inchini mwaka 1970. Mwaka 1980 inchi ikajipa jina la kuta zenyewe.

Mutasema: Padri, hayo ni mambo ya Zimbabwe, sisi tuko Fizi. Haya, tuangalie hapa. Ghuba ile inayofika mpaka Baraka inaitwa kwa jina la Burton, Mwingereza aliyepita katika ziwa hili pamoja na Speke mwaka 1858. Burton aliandika Ubwari kuwa kisiwa. Sisi tunaokwenda Ubwari kwa miguu tunajua kama ni rasi. Hilo ni kosa jepesi, kosa la mutu aliyeona kutoka mutumbwini, na Stanley alilisahihisha alipozunguka ziwa mwaka 1876. Jambo la Rusizi ni tofauti. Mwaka 1858 watu wa huku walimuambia Burton kama Rusizi inaingia katika ziwa. Aliandika hivyo. Kisha akagombana na Speke juu ya chemchemi ya Nili, na mwaka 1864 akatoa kitabu kusema kama maji ya Tanganyika yanatoka upande wa kaskazini kwenda Nili. Maneno ya wavuvi hayakuwa yamebadilika. Faida yake ndiyo iliyobadilika. Mwezi wa 11 mwaka 1871 Livingstone na Stanley walipiga kasia mpaka kwenye mulango wa Rusizi, wakaona maji yanaingia. Kosa la Ubwari sina neno nalo. Mutu ametunga pahali ambapo kitabu kimenyamaza. La Rusizi ni la kutunga juu ya ukurasa uliokwisha kuandikwa, na kwa mukono wake mwenyewe.

Tena Speke huyo aliacha hadithi moja iliyo mbaya kupita mashimo yote ya Solomono. Alipofika Karagwe kwa mufalme Rumanika, alimusimulia kama asili ya jamaa yake ni Uhabeshi. Na katika kitabu chake cha mwaka 1863 akatunga kama wachungaji wa ng'ombe wa maziwa makubwa ni taifa lingine, lililotoka kaskazini na kuwatawala wengine. Wengine baada yake wakashona kitambaa kile pamoja na kitabu cha Mwanzo, wakaleta jina la Wahamu, na shule zetu za zamani, nasikitika kusema hata shule za misioni, zilifundisha hivyo. Someni ninyi wenyewe Mwanzo, sura ya 9. Noe anamulaani Kanana, Hamu halaaniwi. Taifa la wachungaji halimo, ziwa halimo, mulima hauumo. Wale waliotumia jina la Hamu ili kulaani watu weusi wote, na wale waliolitumia baadaye ili kuwapandisha wachungaji juu ya wakulima, walikuwa wanaongeza sura kama mimi nilivyoongeza malkia wa Seba juu ya Ubwari. Tena sura zao mbili zinapingana. Lakini muchezo wangu haukumuua mutu. Munajua damu iliyomwagika kutoka Uvira mpaka Minembwe na Fizi, ya Babembe, ya Bafuliru, ya Banyindu, ya Banyamulenge. Mumoja anaichukua hadithi ile kujiinua, mwingine anaichukua kumuambia jirani yake arudi kwao Uhabeshi. Wote wawili ni wasomaji wa Speke, hata kama hawakupata kusikia jina lake. Nimesikia maneno hayo yakisemwa mbele ya kanisa, nyuma ya Misa, na mutu aliyekuwa na rozari mukononi.

Kuna jambo moja linalonizuia kujisifu juu ya ufito wangu. Kati ya mwaka 1930 na 1940 Nelson Glueck, mutaalamu wa Marekani, alisema amepata machimbo ya Solomono penye Timna, karibu na Elati. Ni machimbo ya shaba, si ya zahabu. Watu wakafurahi, Kitabu kimethibitishwa. Mwaka 1969 Beno Rothenberg akafukua palepale hekalu dogo la mungu muke wa Misri, ikaonekana kama ni Wamisri waliochimba, mbele ya Solomono. Machimbo ya Solomono yakafutwa. Halafu, nyuma ya mwaka 2010, Erez Ben-Yosef na wenzake wakapima makaa na mbegu za pahali pale, wakaona kama kazi kubwa ilifanyika katika karne ya 10 mbele ya Kristo, yaani karibu na siku za Solomono. Ila wachimbaji walikuwa labda Waedomu. Basi aliyecheka mwaka 1969 alipaswa kunyamaza tena. Na kigae kidogo kilichookotwa mwaka 1946 penye Tell Qasile kinataja zahabu ya Ofiri, shekeli 30. Kwa hiyo jina lile lilijulikana sokoni, si katika nyimbo tu. Mutungaji wa nyongeza anaweza kukanushwa, na mwenye kumukanusha vilevile. Lakini Kitabu cha Wafalme hakikusogea hata neno moja katika fujo hii, kwa sababu hakikusema zaidi ya kilichosema.

Yule katekista alikuja kwangu Nundu nyuma ya majuma mawili, na daftari lake. Tulisoma pamoja sura zile mbili, akatafuta shimo kama nilivyotafuta mimi. Akauliza kama bado anaruhusiwa kuwasimulia watoto habari ya barabara na ya Gagool. Nikamuambia: jioni, penye moto, wasimulie yote, hata uongeze, lakini anza na jina la Haggard, na Biblia uiache nyumbani. Akafikiri, akaniomba kitabu ili ajue mwisho. Nilimupa. Amekwisha kukaa nacho miezi minane, na kila nikimuuliza anasema watoto hawajamaliza.